HAKI YA MWENYE JEMBE: DARSA YA MASHAMBA YA BULLA PESA

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim.

Darsa yetu ya leo haihusu udhu wala sala. Ni darsa ya jembe, mfereji na mpaka wa konde. Huenda mmoja wetu akauliza, "Je, haya nayo ni ilimu ya dini?" Na afungue kitabu chochote cha fiqhi apendacho. Baada ya milango ya ibada ataona mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa, na mlango wa ghasbu, yaani kunyang'anya mali ya watu, na humo ataona pia hukumu za kugawana maji. Wanavyuoni waliiandika milango hiyo kwa kuwa walijua ya kwamba mtu aliyenyang'anywa konde lake amenyang'anywa chakula cha watoto wake, na ya kwamba kadhi asiyejua hukumu ya mfereji ataletewa watu waliokwisha kupigana mapanga.

Basi tutasoma hukumu hizi kwa kutazama mahali pamoja palipo na watu hai, napo ni Bulla Pesa katika mji wa Isiolo.

I. BULLA PESA NI WAPI, NA YATUHUSU NINI?

Bulla Pesa ni mtaa wa mji wa Isiolo, na pia ni jina la wadi moja katika wadi 10 za Kaunti hiyo. Neno "bulla" kwa watu wa kaskazini ni mtaa au kijiji. Mji wa Isiolo wakaa Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu. Wengi miongoni mwao ni ndugu zetu Waislamu, na lugha inayowakutanisha sokoni ni Kiswahili hiki tunachokiandika. Mto wa Isiolo hupita hapo ukiteremka kutoka upande wa Mlima Kenya kwenda kuungana na Ewaso Nyiro. Kandokando ya mto huo, na kuelekea Burat, wako watu wa mji wenye vishamba vidogo vya mahindi, maharagwe, vitunguu na mboga. Mbele kidogo ya vishamba hivyo yaanza malisho ya ngamia, ng'ombe na mbuzi. Kwa hivyo jembe na fimbo ya mchungaji hukutana hapo kila siku.

Mtu wa Mombasa, Lamu au Malindi aweza kusema kuwa Isiolo ni mbali naye. Twamjibu kwa mambo matatu.

La kwanza, msiba wao twaujua. Mwaka 1908 Serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya hati za ardhi katika pwani yetu. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa apeleke dai lake kwa maandishi, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji la Mfalme. Walioijua karatasi wakaandikisha. Wasioijua, nao ni wengi, waliamka siku moja wakaambiwa kuwa wao ni wageni chini ya minazi na miembe waliyoachiwa na wazee wao. Mpaka leo wajukuu zao waitwa maskwota.

La pili, njia ni moja. Mradi mkubwa wa bandari ya Lamu na barabara za kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, uitwao LAPSSET, ulizinduliwa Lamu tarehe 2 Machi 2012, na Isiolo ndipo njia hizo zinapogawanyika. Lililowafika wavuvi wa Lamu pale bandari ilipojengwa laweza kuwafika wakulima wa Isiolo.

La tatu, pesa zetu zimo. Tangu habari za mradi huo zienee, madalali hutembeza viwanja vya Isiolo katika miji mingine, na watu wenye akiba hununua bila ya kuuliza ni nani aliyekuwa akilima hapo. Hapo mtu wa pwani hawi mtazamaji tena. Amekwisha kuingia katika mas'ala haya kwa mkono wake mwenyewe.

II. MFUGAJI ALISHIKAJE JEMBE?

Watu wengi hudhani ya kuwa kaskazini ni nchi ya mifugo tu, na kwamba anayelima huko ameacha kazi ya wazee wake kwa uvivu wa kuchunga. Hili si kweli, na yafaa tujue habari yenyewe.

Kwa sheria ya mwaka 1902 Waingereza waliifunga nchi ya kaskazini, ikawa mtu hawezi kuingia wala kutoka bila ya ruhusa. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza wakawapa makazi Isiolo baadhi ya askari wa Kisomali waliopigana upande wao, na mji ukakua kwa biashara ya mifugo na kwa kuwa makao ya wakubwa wa Serikali wa jimbo la kaskazini. Baada ya Uhuru ikaja balaa kubwa. Hali ya hatari ilitangazwa kaskazini mwezi wa Desemba 1963, na vita vilivyoitwa vya Shifta vikaendelea mpaka mwaka 1967. Katika vita hivyo Waborana wa Isiolo walikusanywa katika vijiji vya kulindwa, na makundi ya mifugo yao yakauawa, yakachukuliwa, au yakafa kwa kukosa malisho. Tajiri wa ngamia 100 alijikuta hana hata mbuzi wa kukamua. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga watumishi wa Serikali wasishitakiwe kwa yaliyotendeka katika vita hivyo, na miongoni mwa wilaya zilizotajwa humo, pamoja na Isiolo, zilikuwamo Tana River na Lamu. Hapa tena pwani na Isiolo ziliandikwa katika karatasi moja.

Ndipo katika miaka iliyofuata mashamba ya kumwagiliwa maji yakaanzishwa Malka Daka, Gafarsa, Merti na kwingineko, ili waliofilisika wapate kula. Wengine walikuja mjini wakalima kandokando ya mto. Na ukame haukukoma. Ule ulioanza mwaka 2020 ukaendelea mpaka mapema mwaka 2023, mvua za misimu mitano mfululizo zikapungua au zikakosekana kabisa, na mifugo ikafa kwa wingi.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, jembe la mtu wa Bulla Pesa mara nyingi ni mtoto wa msiba. Amelishika kwa kuwa fimbo ilimponyoka mkononi. Mwenye kumnyang'anya konde lake amnyang'anya mara ya pili mtu aliyekwisha kunyang'anywa mara ya kwanza.

III. HUKUMU YA KUHUISHA ARDHI

Mtume wetu (S.A.W.) amefundisha ya kuwa mwenye kuhuisha ardhi iliyokufa huwa ni yake, na kwamba mwenye kupanda kwa dhuluma katika ardhi ya mwenziwe hana haki. Haya ni maneno mawili, na yapasa yasomwe pamoja.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata wengi wetu wa pwani, mwenye kuhuisha ardhi isiyo na mwenyewe huimiliki hata kama hakupewa idhini na mtawala. Imamu Abu Hanifa yeye ameshurutisha idhini. Ama kuhuisha ni kufanya kazi inayojulikana: kwa shamba ni kuuzungushia udongo mpaka wake, kusawazisha ardhi, na kuiandalia maji. Kuweka mawe tu pembeni hakuitwi kuhuisha. Wanavyuoni hukuita "tahjir", nako humpa mtu haki ya kutanguliwa kwa muda tu. Sayyidna Umar (R.A.) aliuwekea jambo hili mpaka wa miaka mitatu, na asiyelima katika muda huo hana haki tena ya kumzuia mwingine.

Tazama hekima ya hukumu hii. Leo katika miji yetu mtu hutia nguzo 4 za saruji, akazungusha waya, akaenda zake miaka 15 akingoja bei ipande. Na jirani yake asiye na shibiri huitazama ardhi hiyo ikiota miiba. Mtu wa nguzo hajahuisha kitu, na mwenye jembe aliyetoa miiba na kuleta mfereji ndiye aliyetia roho katika ardhi hiyo.

Lakini mwenye jembe naye asikilize sehemu yake. Ardhi iliyokufa ni ile isiyo na mwenyewe wala isiyotumiwa na watu. Malisho ya kijiji, njia ya mifugo ya kwendea mtoni, na mahali pa kunyweshea si ardhi iliyokufa, ingawa haina mti wala nyumba. Wanavyuoni waziita sehemu hizo "harimu" ya mji, yaani eneo ambalo watu wa mji hawawezi kuishi bila yake, na wakasema kuwa haijuzu mtu kuihuisha peke yake. Basi mkulima anayelima mpaka kingo za mto akaiziba njia ya ngamia, kisha akalia ya kuwa ngamia wamemlia mahindi, ameanza yeye kudhulumu.

Na kwa wote wawili, mwenye nguzo na mwenye jembe, lipo onyo moja lililopokewa na Bukhari na Muslim: mwenye kuchukua shibiri moja ya ardhi kwa dhuluma, atavishwa shingoni Siku ya Kiyama kutoka ardhi saba. Mtume (S.A.W.) hakutaja ekari 100. Alitaja shibiri, ambayo ni upana wa kiganja kilichonyoshwa, ili asiseme mtu, "Nimesogeza mpaka kidogo tu."

IV. KESI YA KONDOO NA SHAMBA

Katika Sura ya Al-Anbiyaa imetajwa hukumu ya Nabii Daud na mwanawe Nabii Suleiman (A.S.) juu ya kondoo za watu walioingia usiku katika shamba wakalila. Wafasiri wasimulia ya kuwa Daud alihukumu mwenye shamba apewe kondoo kwa kuwa thamani ya hasara ilifikia thamani yao. Suleiman akaona hukumu nyingine: mwenye shamba achukue kondoo atumie maziwa na sufi zao, na mwenye kondoo alishughulikie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mtu arudishiwe chake. Mwenyezi Mungu ametaja kuwa alimfahamisha Suleiman hukumu hiyo, na kwamba wote wawili aliwapa hekima na ilimu.

Tuzingatie jambo moja. Kwa hukumu ya kwanza mmoja angebaki na mali na mwingine angetoka mikono mitupu. Kwa hukumu ya pili mkulima alibaki kuwa mkulima na mchungaji akabaki kuwa mchungaji, na hasara ikalipwa. Wakati shamba lilipokuwa likitengenezwa, mwenye kondoo alijifunza taabu ya kulima, na mwenye shamba akajifunza taabu ya kuchunga.

Tena imepokewa kwamba ngamia wa Al-Baraa bin Azib aliingia katika bustani ya watu akaiharibu, na Mtume (S.A.W.) akahukumu ya kuwa wenye bustani wazilinde mchana, na wenye wanyama wadhamini kinachoharibiwa usiku. Kila mmoja amepewa zamu yake ya kukesha. Hii ni kanuni iliyo nyepesi hata mtoto wa chuo aifahamu, na laiti ingeandikwa na kukubaliwa na pande zote mbili huko Isiolo, ugomvi mwingi wa msimu wa kiangazi ungekwisha kabla ya kufika kituo cha polisi.

Waborana wenyewe wana desturi iliyo karibu na hayo. Wana baraza la wazee wa malisho, waliitalo dedha, linaloamua ni malisho gani yatumike wakati wa mvua, yapi wakati wa kiangazi, na yapi yawekwe akiba kwa siku za ukame. Desturi njema kama hii haipingani na sheria ya dini yetu, na yafaa mkulima apewe kiti katika baraza hilo, asiwe mtu anayehukumiwa akiwa hayupo.

Na Sayyidna Umar (R.A.) alipomweka Hunayy kuwa mlinzi wa malisho ya Serikali, alimuusia amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Akaeleza sababu: matajiri hao mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurejea, lakini maskini mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake kumlilia Amiri. Kipimo cha Umar, basi, ni kuuliza kwanza ni nani asiye na pa kurejea. Kipimo hicho ndicho kinachotakiwa kwa kila anayegawa ardhi Bulla Pesa.

V. MAJI

Konde lisilo na maji ni ukubwa wa jina tu. Katika bonde la Mahzur, Madina, Mtume (S.A.W.) alihukumu ya kuwa wa juu azuie maji mpaka yafike vifundo vya miguu, kisha ayaachilie yende kwa wa chini. Wa juu ana haki ya kuanza, lakini hana haki ya kumaliza.

Mto wa Ewaso Nyiro wapata maji yake kutoka Mlima Kenya na safu za Aberdare. Huko juu maji huchukuliwa kwa mashamba makubwa na madogo, na mara nyingi msimu wa kiangazi mto hukauka mwendo mrefu kabla ya kuwafikia watu wa chini. Tangu mwaka 2013 wafugaji wa bonde hilo wamekuwa wakifanya msafara wa ngamia kuufuata mto huo, kuutetea na kupinga bwawa kubwa lililokusudiwa kujengwa humo. Wanayoyadai ni yale yale ya Mahzur.

Lakini mtu wa Bulla Pesa naye ana wa chini yake. Akitia pampu mtoni akamwagilia vitunguu usiku kucha, yuko mama fulani chini ya mto anayekuta mchanga asubuhi. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 yatangulia kuweka maji ya matumizi ya nyumbani mbele ya matumizi mengine yote, na mwenye kuchukua maji ya kumwagilia ametakiwa awe na kibali. Asiyekuwa na kibali hana ulimi wa kumlaumu wa juu yake.

VI. SHERIA YA NCHI YASEMAJE?

Hukumu ya kuhuisha ardhi ni nuru ya kutuongoza, walakini korti za Kenya hazitoi hati kwa hukumu hiyo. Ni wajibu wetu kuijua sheria ya nchi, kwani asiyeijua ndiye anayedhulumiwa.

Katiba ya mwaka 2010 imegawa ardhi mafungu matatu: ya umma, ya jumuiya na ya watu binafsi. Ardhi iliyokuwa amana mikononi mwa mabaraza ya zamani, na Isiolo ilikuwa nayo nyingi, imekuwa ardhi ya jumuiya, na ile isiyosajiliwa Serikali ya Kaunti huishika kwa amana ya wenyewe. Aliyeweka amana hajauza, na mwenye kuishika hana idhini ya kuigawa kama mali yake.

Sheria ya Ardhi ya Jumuiya ya mwaka 2016 imesema kuwa haki za ardhi za kimila zina nguvu sawa na haki za hati. Jumuiya yaweza kujisajili, watu wazima wote wakawa ndio mkutano mkuu, wakachagua kamati ya watu 7 mpaka 15, na yaweza kutenga sehemu maalumu: ya kulima, ya kukaa, ya njia, na mengineyo. Hapo ndipo haki ya mkulima inapopata makao. Sehemu ya kulima ikitengwa na kuchorwa katika ramani ya jumuiya, mkulima hatalima tena kwa kuhurumiwa.

Na korti zimeonyesha kuwa wanyonge wakisimama pamoja husikizwa. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya bandari. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua ya kuwa hifadhi mbili za wanyama, za Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha sheria, kwa kuwa wenye ardhi hawakushirikishwa ipasavyo. Wote hao walikwenda kortini wakiwa jamaa, wala hakuna aliyekwenda peke yake.

VII. MASUALI NA MAJAWABU

Haya ni masuali ambayo mtu aweza kuuliza katika darsa kama hii.

Suali: Zaid amelima konde Isiolo miaka 20 bila ya karatasi yoyote. Je, miaka hiyo yamtosha?

Jawabu: Haimtoshi. Sheria ya Kenya humpa mtu haki kwa kukaa miaka 12 katika ardhi ya mtu binafsi kwa masharti yake, lakini sheria hiyo haifanyi kazi juu ya ardhi ya Serikali wala ardhi ya amana. Zaid asijitegemeze kwa miaka. Aandike mpaka wake, apate ushahidi wa majirani wa pande zote nne, na adai haki yake kupitia jumuiya yake. Ardhi ikitwaliwa na Serikali kwa manufaa ya umma, Ibara ya 40 ya Katiba yaruhusu kumlipa fidia hata mkaaji wa nia njema asiye na hati, lakini ni nani atakayemjua kama hakuna aliyeandika?

Suali: Amru wa Mombasa aonyeshwa na dalali kiwanja cha Isiolo kwa bei ndogo, chenye barua ya kugawiwa. Ni halali kununua?

Jawabu: Asinunue mpaka aende kukiona kwa macho yake, awaulize majirani, na atazame daftari ya msajili. Barua ya kugawiwa bado si hati. Mji wa Isiolo umejaa malalamiko ya kiwanja kimoja kugawiwa watu wawili au watatu, na familia za Kiwanjani zilizohamishwa kwa ajili ya uwanja wa ndege ni miongoni mwa waliolalamika ya kuwa viwanja walivyopewa badala yake vilikuwa na watu. Tena hata hati yenyewe si kinga ikiwa asili yake ni mbovu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kiwanja cha ufukweni Nyali, hapa hapa kwetu, ya kuwa mnunuzi hakupata haki kwa sababu ardhi ilikuwa ya umma na ugawaji wake wa kwanza haukufuata sheria. Na mbele ya Mwenyezi Mungu mambo ni mazito zaidi: Amru akikuta mahindi katika kiwanja anachouziwa, mahindi hayo ni shahidi juu yake.

Suali: Baba yetu amekufa akaacha konde kandokando ya mto. Ndugu zetu wanaume wasema dada zetu wameolewa, hawana fungu.

Jawabu: Hiyo ni dhuluma iliyo wazi. Mafungu ya watoto wa kike yamewekwa na Qur'ani, na ndoa haiyafuti. Mirathi ya Waislamu, kwa walioridhia hukumu yake, yaamuliwa na Kadhi, nalo ni moja katika mambo machache aliyoachiwa na Katiba. Ama ugomvi wa mpaka na jirani, huo ni wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Na vipi mtu atamlilia Serikali kuwa imemdhulumu konde, naye ameketi juu ya fungu la dada yake?

VIII. YALIYO WAJIBU

Kwa hayo yote twaona ya kuwa haki ya kulima husimama juu ya mambo matatu: mpaka uliokubaliwa na jirani, karatasi iliyoandikwa, na maji yaliyogawanywa kwa uadilifu. Likikosekana moja, mawili yaliyobaki hayadumu. Mwenye karatasi bila ya ridhaa ya wafugaji atalala na rungu. Mwenye ridhaa bila ya karatasi atahamishwa na mgeni mwenye muhuri. Na mwenye vyote viwili bila ya maji atauza konde kwa bei ya kutupa.

Basi twawausia ndugu zetu wa Bulla Pesa mambo haya:

1. Kila mwenye konde aandike mipaka yake, tarehe aliyoanza kulima, na majina ya mashahidi, na nakala moja iwekwe kwa mzee wa mtaa. Qur'ani imetuamrisha tuandike deni la muda, na ardhi ni kubwa kuliko deni. Wako wanaozika hirizi katika pembe nne za shamba. Nguvu hizo wazitumie kwenda ofisi ya msajili.

2. Wakulima na wachungaji wakae pamoja kabla ya kiangazi, wasingoje damu, wakubaliane njia za mifugo za kwendea mtoni, na zamu za mchana na usiku.

3. Wanaochukua maji ya mto mmoja waunde jumuiya moja, wapange siku za kila mtu, na wa mwisho wa mfereji awe na sauti sawa na wa mwanzo.

4. Wakati wa kujisajili, wanawake na vijana wafike mkutanoni, wala yasiandikwe majina ya watu wachache kwa niaba ya wote.

Na kwa ndugu zetu wa pwani tunayo maneno mafupi. Mwaka 1908 wazee wetu walipoteza ardhi kwa sababu karatasi ilikuja kabla ya ilimu. Wajukuu wao wenye pesa na ilimu wasiwe ndio watakaokwenda na karatasi kumtoa maskini mwingine. Mwenye kutaka kununua aulize kwanza. Mwenye ilimu ya sheria awafundishe wasiojua. Na mwenye neno la kusema huko kunakogawiwa ardhi aliseme kwa ajili ya mtu asiye na pa kurejea.

Mtume (S.A.W.) ametubashiria ya kuwa Muislamu akipanda mti au akilima mmea, akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Tazama ukarimu huu, kwamba hata mbuzi wa jirani aliyeonja jani ameingia katika thawabu. Twamuomba Mwenyezi Mungu awape ndugu zetu wa Isiolo mvua yenye manufaa, ayalinde makonde yao na dhuluma, awapatanishe wenye majembe na wenye mifugo, na atuepushe sisi na nyinyi na shibiri isiyo yetu. Amin.